Miguu na Wageni Si Utani

Wadogo zangu, mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na moja, meno yote yapo, na juzi nilicheza harusini mpaka kiatu kikakatika. Lakini kazi ya kumhudumia mgonjwa nyumbani, niliyoianza nikiwa na miaka kumi na tisa, nimeimaliza, na mtu akimaliza kazi anastaafu. Serikali ina utaratibu wake na mimi nina wangu. Sasa nafuga nyuki njia ya Sikonge, mizinga sita, na naota kwamba siku moja asali yangu itapanda ndege hata kama mimi mwenyewe nitabaki chini naipungia mkono.

Nawaandikia ninyi mnaoletwa hapa Tabora mjini, mmemaliza la saba kama mimi, mnaambiwa, "Utamwangalia bibi tu, kazi nyepesi." Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nilitoka Ulyankulu na mfuko mmoja na rozari ya mama yangu, nikapokelewa mtaa wa Ng'ambo katika nyumba ya Bibi Nyamizi. Nikaambiwa ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Nikasema sawa, atatetemeka, nitamshika.

Hakuna aliyeniambia kwamba kutetemeka kunauma. Mpaka leo nikikumbuka nashangaa. Ningeambiwa siku ya kwanza, mengi yasingetokea.

Bibi Nyamizi alikuwa mteuzi wa tumbaku kule Urambo. Maisha yake yote ya kazi alikaa mbele ya lundo la majani makavu akiyapanga kwa madaraja: hili la juu, hili la kati, hili limeungua, hili lina unyevu. Alikuwa akifumba macho, akilipitisha jani kati ya kidole gumba na cha shahada, akakutajia daraja lake. Vidole hivyo hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoanza navyo. Mume alishatangulia. Alikuwa akiishi na mwanawe Masanja, fundi mwashi, mtu mwema mwenye haraka, anayetoka asubuhi na kurudi jioni ana saruji mpaka kwenye nyusi.

Siku yangu ya kwanza, sijamaliza hata kufua kanga ya Bibi, akaingia mzee mmoja mwembamba, kofia ya kiua kichwani, hakubisha hodi wala hakusalimia.

"Huyu mpagazi hajafa bado?"

Kanga ilinidondoka mkononi. Bibi akainua kidevu pale kitini.

"Nife nikamwachie nani kazi ya kukutia adabu, Mzaramo wewe mla nazi?"

"Unatetemeka nini? Mzigo wenu mlishautua zamani!"

"Natetemeka kwa kukuona. Funika uso huo, kuku wangu wataacha kutaga."

Mimi nikakimbia jikoni, nikachukua panga nikalificha chini ya gunia la mkaa. Niliamini kabisa kuwa pale mtu atauawa. Masanja aliporudi nikamweleza huku natetemeka kuliko mgonjwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanieleza: yule ni Babu Kibwana, fundi cherehani wa nyumba ya pili, Mzaramo aliyekuja na treni ujanani akasahau kurudi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee walipokuwa wakitembea na mizigo kutoka hapa mpaka pwani, wanapumzika kwa watu, wanatukanana, wanalishana, na akifa mtu njiani wanazikana.

Kwetu Ulyankulu, wazazi wetu walitoka Burundi, utani huo hatukuurithi. Babu Kibwana hakunisamehe lile panga. Miezi mitatu akifika mlangoni anapaza sauti, "Mwambieni Ima mtani kafika, afiche panga!" Mtaa mzima ukacheka. Nami nikaapa moyoni kuwa hawatanicheka tena. Kuanzia hapo kila neno lililosemwa kati ya wale wawili, nilikuwa wa kwanza kucheka. Shikeni hapo, wadogo zangu, maana kosa langu lilianzia kwenye kicheko hicho.

Nisiwadanganye, nilijifunza mengi mazuri. Mgonjwa wa namna hii huganda. Anatembea vizuri, akifika mlangoni miguu inakwama kama imepigiliwa misumari. Mwanzoni nilikuwa namvuta. Usimvute, mtaanguka wote. Sisi tulianguka mara mbili, na mara ya pili juu ya beseni la unga. Babu Kibwana ndiye aliyenionyesha. Alilaza fimbo ya ufagio sakafuni mbele ya miguu ya Bibi, akapiga makofi kama ya ngoma: "Ruka mto, mpagazi! Beba mzigo, twende!" Bibi akainua mguu, akairuka fimbo, akapita. Sista Leokadia, muuguzi wa kliniki, nilipomweleza alisema hata wao hufundisha hivyo.

Sista huyo alinifundisha pia kumkalisha Bibi ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, ahesabu mpaka thelathini, kwa sababu dawa zinashusha presha na mtu akiinuka ghafla dunia inazunguka. Akanionya kwa kidole: "Ima, dawa hizi usizikate ghafla hata siku moja. Mwili unaweza kujifunga na kuwaka homa, ukampoteza. Kuna shida, mlete. Usikate." Nikasema, "Sawa, Sista." Hilo nililishika. Ambalo hakulisema ni kwamba pia nisiongeze, labda kwa sababu hakuna mtu mwenye akili angefikiria kuongeza. Mimi nilifikiria.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu. Bibi alianza kulalamika miguu. Lakini alivyolalamika sasa! Babu Kibwana alikuwa na desturi ya kuketi kwenye kigoda karibu na miguu yake, anashona vifungo huku wanatukanana. Bibi akamwambia:

"Kibwana, ondoa kijinga chako cha moto miguuni mwangu."

"Tulia, nabanika samaki."

Mimi kicheko. Kesho yake tena, "Mzaramo ananichoma." Kicheko. Ila nilipokuwa namwogesha aliniambia kwa ile sauti yake ndogo, maana ugonjwa huu unaimeza sauti, "Mwanangu, inawaka kweli." Nikapapasa nyayo. Baridi! Nyayo ni baridi na mwenyewe anasema zinawaka. Moyo uliniuma. Nina moyo mwepesi mimi, nikiona kuku ana kidonda simli.

Nikaenda duka la dawa, tena si lile la karibu. Nikamwambia muuzaji nataka dawa ya neva, miguu inawaka. Hakuniuliza mgonjwa ni nani wala anameza nini kingine, nami sikumwambia. Akanipa vidonge vidogo, kimoja jioni. Sikumweleza Masanja wala Sista. Nilitaka wakija waone Bibi amepona miguu, waulize, niseme kwa unyenyekevu, "Aa, ni mimi tu."

Wiki ya kwanza alilala vizuri. Nilijiona daktari. Nilikuwa nafagia uwanja naimba. Wiki ya pili mdomo ukawa mkavu, choo kikafunga, nikaongeza papai. Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, jua liko pale juu ya bati, Bibi akaniita.

"Ima, wape wageni maji."

"Wageni gani, Bibi?"

"Hao waliokaa ukutani. Wametoka mbali, hata mizigo hawajatua."

Babu Kibwana hakuinua macho kwenye kifungo chake. "Ni babu zako hao, wapagazi, wamekuja kukuchukua."

"Wangekuja kunichukua wangekuruhusu ukae unanichoma?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaingia jikoni, nikajaza kikombe, nikaja nikakiweka chini ya ukuta kwa heshima zote, nikapiga na goti. "Karibuni wageni." Babu Kibwana akapiga makofi. Kila siku ikawa hivyo, nakiweka kikombe, nakiondoa. Siku moja Bibi akauliza, "Mbona hawanywi?" Hakucheka. Nililiona hilo, wadogo zangu. Niliona kwamba hacheki, nikaendelea kucheka mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe Babu Kibwana alifika kama kawaida, akasalimia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka, mpagazi!" Akavuta kigoda, akaketi miguuni, akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Bibi akauinua mkongojo wake kwa mikono miwili. Sikujua kuwa mikono ile bado ina nguvu hiyo. Akampiga nao kwenye paji la uso.

Babu Kibwana akacheka. Akasema, "Leo umekula nini?" Bibi akampiga tena. Damu ikashuka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya uji, na aibu ninayo kuwaambia, nilikuwa bado natabasamu.

Mzee akaacha kucheka. Akaukamata mkongojo kwa upole, akamtazama Bibi usoni muda mrefu, kisha akaniambia bila kugeuka:

"Ima, huu si utani."

"Babu?"

"Mtani akikupiga, macho yake hucheka. Njoo umtazame huyu. Hayacheki."

Nikaenda, nikapiga magoti, nikatazama. Bibi alikuwa analia. Machozi yanashuka kwenye uso ambao ugonjwa umeukaza haukunji hata ngozi.

"Mwambie aondoe moto," alisema. "Nimewaambia siku zote hizi. Mnacheka."

Sijawahi kupigwa kofi zito kama maneno hayo. Uji ulimwagika, sikujua umemwagika saa ngapi. Siku zote hizi. Mwanamke mzima anaungua mchana kweupe mbele yetu, anaomba msaada, na sisi tunampigia makofi. Anawaona watu ukutani, na mimi nawapelekea maji.

Masanja aliitwa kutoka kazini. Akaona damu, akamwona mama yake anazungumza na ukuta, akasimama katikati ya chumba mikono kichwani.

"Ni hizi dawa," akasema. "Tangu aanze hizi dawa mama yangu si mama yangu." Akalichukua kopo nilimokuwa naweka vidonge vya hospitali, vyote. "Kuanzia leo hamezi kitu. Naenda kuzitupa chooni."

Ndugu zangu, hapo ndipo kazi yangu yote ilipokuja kusimama mbele yangu. Hakuna aliyejua kuhusu vidonge vyangu. Nikinyamaza, lawama inakwenda kwa dawa za hospitali, nami nabaki Ima mwema. Lakini dawa zile zikienda chooni, Bibi anajifunga kama mbao. Kidole cha Sista nilikiona kabisa mbele ya pua yangu.

Masanja alishafika mlangoni.

"Kaka, si hizo," nikasema. "Ni zangu."

"Zako zipi?"

Nikaenda kwenye mfuko wangu, ule ule niliotoka nao Ulyankulu, nikatoa pakiti kwenye kitambaa cha rozari. Nikamwekea mkononi. Nikaeleza yote nikiwa nimetazama vidole vyake vyenye saruji.

Aliigeuza pakiti ile upande na upande. Kisha akasema polepole, "Fungasha virago."

"Akifungasha," akasema Babu Kibwana, kitambaa kimelowa damu kichwani, "saa za mama yako anazijua nani? Kidonge cha kwanza anameza saa ngapi, Masanja?"

Masanja akaligeuza kopo kutafuta maandishi.

"Cha pili je? Basi kaa chini, mjukuu wa wapagazi. Au ita bajaji. Na hilo kopo nipe mimi."

Tulienda hospitali wanne kwenye bajaji moja, kopo na pakiti yangu ndani ya mfuko mmoja. Daktari hakunifokea, na ingekuwa nafuu angenifokea. Alipanga dawa zote mezani, akatuonyesha: mojawapo ya dawa za kutetemeka tayari inakausha mdomo na inaweza kumchanganya mtu mzima, hii yangu ni ya ukoo huo huo, zikikutana kwenye kichwa cha mzee, ukuta unaota watu. Akaiondoa ya kwangu. Ile ya ukoo wake akaipunguza hatua kwa hatua. Dawa kuu hakuigusa. Masanja alilichukua kopo lile, akalirudisha mwenyewe mikononi mwangu. Suala la virago halikurudi tena.

Sista Leokadia akanivuta kando.

"Ulitaka kumsaidia?"

"Ndiyo, Sista."

"Siku nyingine huruma yako iandike kwenye daftari, tuisome wote."

Wageni hawakuondoka siku moja. Walipungua. Walikuwa sita, wakawa watatu, akabaki mmoja, halafu Bibi akasema, "Yule wa mwisho kaondoka, hata kuaga hakuaga." Sasa nilikuwa simcheki. Wala sikumbishia. Nilikuwa namwambia, "Mimi simwoni, Bibi, lakini niko hapa," nikamshika mkono, na hiyo ndiyo namna niliyofundishwa.

Ila miguu ilibaki. Na hapa Bibi ndiye aliyetufundisha sote, mpaka daktari. Kila akiulizwa anaumwaje, alikuwa anajibu, "Miguu." Siku moja tuko kwenye mkeka akasema, "Ima, tumbaku ukiitupa yote fungu moja, mnunuzi anakupa daraja la chini kabisa. Mimi nimempa daktari fungu moja." Akaniagiza nilete kipande cha kamba, kipande cha mkaa na jiwe. Akavipanga mbele yake kama anavyopanga majani. Kamba ni maumivu ya vidole vya mguu kujikunja. Mkaa ni yale ya kuwaka. Jiwe ni bega kuwa zito. Sauti ikimkatalia, anaonyesha kwa kidole, mimi naandika saa.

Baada ya wiki mbili daftari likazungumza lenyewe. Kamba ilikuwa inakuja alfajiri kabla ya kidonge cha kwanza, na tena kila kidonge kinapokaribia kuisha nguvu. Mkaa haukuwa na saa. Jiwe lilikuja akikaa sana. Daktari alisoma, akasema angependa wagonjwa wote wawe wamechambua tumbaku. Maumivu mengine yanatoka kwenye neva, akasema, na mengine ni dawa kuu kuisha mapema. Sista akaniuliza:

"Unampa na chakula gani?"

Nikajibu kwa fahari. Kwetu mzee hamezi dawa na tumbo tupu! Nilikuwa nampa na maziwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, nimeyaunga karanga nzito mpaka kijiko kinasimama.

Sista akaweka kalamu chini. "Ima. Maziwa, karanga, maharage, nyama, vyote hivyo vinagombania mlango mmoja na dawa yake. Vinaingia vyenyewe, dawa inabaki nje."

Miaka mitatu! Miaka mitatu naifungia dawa nje kwa mapishi yangu mazuri. Nilikaa chini pale pale kwenye korido.

Tukabadilisha. Kidonge cha kwanza kitandani kabla hajainuka, kwa maji na kipande cha matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ambavyo havina ugomvi na dawa. Karanga zikahamia mlo wa jioni, mbali na kidonge. Ratiba yenu msiibe kwangu. Muulizeni daktari wa mgonjwa wenu. Kwa ule mkaa, wakampima damu kwanza, kisha daktari akampa dawa nyingine ya neva, kidogo kidogo, akaniambia nitazame usingizi mwingi na miguu kuvimba, nami nikavitazama kama mlinzi wa benki. Maji ya moto marufuku, maana nyayo hizo zinadanganya, unaweza kuziunguza na zisikuambie. Kitambaa cha maji ya baridi kiasi, basi. Haukuisha ule mkaa. Lakini ulififia ukawa jivu la uvuguvugu.

Babu Kibwana, kovu kwenye paji, ndiye aliyeweka sheria. Aliiandika kwa chaki ya fundi kwenye mlango: MIGUU NA WAGENI SI UTANI. Na kabla ya kumtukana Bibi, kila siku alimpa mkono kwanza. "Shika, uhakikishe."

"Wa kweli huyu," anasema Bibi. "Wa ukutani hawakunuka mafuta ya cherehani."

Waliishi hivyo miaka mingine tisa. Bibi aliondoka masika ya mwaka jana, kwa kifua, mkono wake ukiwa kwangu.

Siku ya mazishi watu wamejaa uwanjani, wanawake ndani, Masanja amekaa na wazee wa kanisa la Moravian. Nikasikia vicheko nje. Nikashtuka, nani anacheka? Akaingia Babu Kibwana. Amevaa kanga ya Bibi, kilemba cha Bibi, mkongojo wa Bibi, anatetemeka mwili mzima. Anaburuta miguu. Akafika mlangoni, akaganda. Mama mmoja akapiga kofi, "Ruka mto, mpagazi!" Akaruka. Watu wakaangua kicheko na machozi yao. Ndiyo kazi ya mtani msibani, nilishaijua, na bado nywele zilinisimama, maana alikuwa Bibi mtupu.

Akaenda akaketi kwenye kiti cha Bibi. Kwa ile sauti ndogo iliyomezwa akaita:

"Ima! Ima wewe! Saa ngapi?"

Nilitazama saa ya ukutani. Saa sita kamili, saa ya kidonge cha mchana. Mkono wangu ulishaingia kwenye mfuko wa aproni kabla sijaukataza. Hapakuwa na kidonge. Palikuwa na kipande cha matobolwa tu. Nikamwendea, nikapiga goti, nikampa. Akakipokea kwa vidole vinavyotetemeka, akakitia mdomoni, na nyumba nzima ikacheka.

Nikamtazama macho, kama alivyonifundisha.

Hayakuwa yanacheka.